Leseni ya jimbo si kinga kwa mhamiaji anayeuza hempu

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako niseme na wenzangu wenye maduka huku Marekani, pamoja na ndugu zao walio nyumbani, maana mara nyingi hao ndio wanaochangia mtaji. Nazungumzia bidhaa za hempu: pipi za kutafuna, vinywaji vya makopo, biskuti na mafuta ya matone yanayotokana na mmea wa jamii ya bangi wenye kilevi kidogo. Mimi ni mtunza hesabu. Wateja wangu ni Watanzania, Wakenya na Wakongomani wenye maduka madogo ya vyakula katika vitongoji vya kaskazini mwa Minneapolis, jimboni Minnesota, na miaka hii ya karibuni hakuna karatasi ninayoulizwa habari zake zaidi kuliko leseni ya kuuza bidhaa hizi.

Ninachowaomba ni kwamba leseni ya jimbo waichukue, tena mapema, ila wasidhani wamemaliza. Imetolewa na jimbo, na nguvu yake inaishia kwenye mambo ya jimbo. Raia wa Marekani akikosea, hofu yake kubwa ni faini na hasara. Mwenye kadi ya kijani, yaani kibali cha ukaazi wa kudumu, au anayesubiri majibu ya maombi ya hifadhi, anaweza kupoteza haki yenyewe ya kuishi hapa. Ana serikali mbili za kujibu, ya jimbo na ya shirikisho, yaani serikali kuu ya Marekani, na katika jambo hili hazisemi kitu kimoja.

Mkanganyiko ulianzia mbali kidogo. Desemba 20, 2018 ilitiwa saini Sheria ya Kilimo ya Marekani iliyoitoa hempu kwenye orodha ya dawa za kulevya. Aliyeipigania sana katika Seneti ni Mitch McConnell wa Kentucky, jimbo ambalo wakulima wake wa tumbaku walikuwa wakitafuta zao jingine. Mstari uliochorwa ni huu: mmea ukiwa na THC, ile kemikali inayolevya, aina ya delta-9 isiyozidi asilimia 0.3 ya uzito wake mkavu, ni hempu. Ukizidi hapo, ni bangi. Shambani kipimo hicho kina maana. Dukani kinatoa majibu ya ajabu. Chukua kopo la kinywaji lenye gramu 355. Asilimia 0.3 ya uzito huo ni zaidi ya miligramu 1,000 za THC, wakati Minnesota inahesabu miligramu 5 kuwa kipimo cha mtu mmoja kwa mara moja. Ndivyo sheria iliyopitishwa kwa ajili ya nyuzi, mbegu na mafuta ilivyozaa, ndani ya miaka michache, biashara ya vilevi kwenye vituo vya mafuta na maduka ya mitaani.

Sheria ile haikuweka umri wa mnunuzi wala leseni ya muuzaji. Hapo ndipo wasambazaji walipopata neno lao: "Hii ni halali nchi nzima." Nimelisikia likisemwa mbele yangu kwa mama mwenye duka, wakati jimbo letu lilikuwa tayari linadai usajili. Mmea kuwa halali hakumpi mtu ruhusa ya kuuza pipi zake kwenye kaunta. Ruhusa hiyo hutolewa na jimbo, na kila jimbo lina namna yake.

Hapa kwetu mambo yalianza Julai 1, 2022, jimbo liliporuhusu vyakula na vinywaji vyenye THC ya hempu, miligramu 5 kwa kipimo kimoja na 50 kwa pakiti nzima, kwa wenye miaka 21 na zaidi. Muuzaji hakutakiwa kuwa na leseni yoyote. Mtu aliagiza mzigo leo, kesho akaupanga. Mwaka uliofuata jimbo likahalalisha bangi kwa watu wazima, na ndani ya sheria hiyo hiyo likawataka wauzaji wa hempu wajisajili kufikia Oktoba 1, 2023. Kodi maalumu ya asilimia 10 ikawekwa juu ya kodi ya kawaida ya mauzo, na tangu Julai 1, 2025 imepanda kuwa asilimia 15. Sasa usajili ule umegeuzwa kuwa leseni kamili kutoka ofisi ya jimbo inayosimamia bangi: dola 250 za kuomba, dola 250 za leseni yenyewe kwa kila duka, na juu yake usajili wa mji au kaunti usiozidi dola 125.

Wapo wateja wangu wanaoona huu ni usumbufu wa kumkamua mfanyabiashara mdogo. Sikubaliani nao, na nimewaambia hivyo uso kwa uso. Katika maduka yetu watoto hushinda hapo hapo baada ya shule. Wanafanyia hesabu zao juu ya magunia ya mchele, wanachukua pipi wanapojisikia, na mama yuko na mteja upande wa pili. Pipi ya hempu inafanana na pipi nyingine yoyote: ina sukari juu, ina harufu ya embe au tikiti. Sheria ya Minnesota inataka ikae nyuma ya kaunta au kwenye kabati lenye kufuli, ifungwe kwenye pakiti isiyoonyesha ndani na isiyofunguliwa kirahisi na mtoto, na isiige chapa ya vitu vinavyopendwa na watoto. Vinywaji tu ndivyo vinavyoweza kukaa nje ya kaunta. Kanuni hizi hazikutoka hewani. Julai 2023 serikali kuu yenyewe iliziandikia kampuni kadhaa barua za onyo kwa kufunga bidhaa zenye kilevi cha delta-8, aina nyingine ya THC, kwenye pakiti zilizoiga vitafunwa vinavyojulikana. Anayeona dola 250 ni nyingi kwa ajili ya hilo, nadhani hajawahi kukaa na mzazi aliyempeleka mtoto wa miaka mitatu hospitali usiku.

Kilichonifungua macho zaidi ni cheti cha maabara. Kila pakiti inapaswa kuwa na namba ya bechi, yaani ya mkupuo iliyotengenezwa nao, na jina la maabara huru iliyoipima, na pakiti nyingi zina ule mchoro wa kupiga picha kwa simu unaofungua cheti chenyewe. Nilikuwa kwa mteja mmoja, mama wa Kikongomani anayeuza dagaa, unga wa muhogo na vitenge, nikipanga ankara zake za mwisho wa mwezi. Nikachukua boksi la pipi za tikiti nyuma ya kaunta, nikapiga picha mchoro ule. Cheti kilichofunguka kilikuwa cha pipi za limau. Namba ya bechi haikulingana, na tarehe ya kupimwa ilitangulia tarehe ya kutengenezwa iliyopigwa mhuri kwenye boksi. Kwa maneno mengine, zile pipi zilizokuwa mkononi mwangu hazikuwa zimepimwa na mtu yeyote tunayeweza kumtaja. Tulimpigia msambazaji. Alisema ni kosa dogo la uchapaji, kisha akagoma kuzirudisha kwa sababu mzigo ulishalipiwa. Mama yule alizitoa kwenye kabati siku hiyo hiyo na hasara akaibeba mwenyewe, kwa sababu mkaguzi akiingia, jina lililo kwenye leseni ni lake.

Tangu siku hiyo nawafundisha wateja wangu kulinganisha namba ya bechi kabla ya kusaini kupokea mzigo. Ni kazi ya dakika chache kwa kila boksi. Msambazaji akiwa na haraka ya kuondoka, mwacheni aondoke na mzigo wake.

Walio majimbo mengine wasichukue ya Minnesota wakadhani ni ya kwao. Virginia tangu 2023 inatoza dola 1,000 kwa mwaka kwa usajili wa duka, na pakiti haiwezi kuzidi miligramu 2 za THC isipokuwa CBD yake, kiambato kisicholevya cha mmea huo, iwe angalau mara 25 ya hiyo THC. Georgia, ambako kuna ndugu zetu wengi pembezoni mwa Atlanta, ilianza kudai leseni na umri wa miaka 21 Oktoba 1, 2024. Idaho haitaki THC hata chembe. Texas ndiyo inayoumiza kichwa zaidi. Kwa miaka kadhaa duka lilisajiliwa kwa dola 155 tu kwenye idara ya afya. Mwaka 2025 bunge la jimbo likapitisha marufuku, gavana Greg Abbott akaipiga kura ya turufu mwezi Juni, Septemba akatoa amri ya kuzuia mauzo kwa walio chini ya miaka 21, na kabla mwaka haujaisha idara ya afya ikaleta pendekezo la kupandisha ada ya duka moja hadi dola 20,000. Mtu wa Dallas akinipigia kuniuliza ada ni kiasi gani, namwambia aulize idara yenyewe, kwa maandishi, na ahifadhi jibu. Asiulize msambazaji, wala asiniulize mimi niliye Minnesota.

Nirudi kwenye lile linaloninyima raha.

Novemba 12, 2025, ndani ya sheria ya fedha iliyomaliza kufungwa kwa shughuli za serikali ya Marekani, tafsiri ya hempu iliandikwa upya. Kwa tafsiri hiyo mpya itahesabiwa THC yote, siyo delta-9 peke yake, na bidhaa iliyo tayari kwa mlaji haitaruhusiwa kuzidi miligramu 0.4 kwa chombo kizima. Vilevi vinavyotengenezwa kwa kemikali nje ya mmea vimetolewa kabisa. Sheria ilitoa mwaka mmoja kabla ya kuanza kutumika, yaani Novemba 12, 2026. Tupige hesabu. Pipi moja halali ya Minnesota ina miligramu 5, na hiyo ni zaidi ya mara 12 ya kiwango kipya cha pakiti nzima. Pakiti ya miligramu 50 inakizidi mara 125. Kwa sheria hiyo, karibu kila kitu kilichomo ndani ya yale makabati yenye kufuli hakitakuwa hempu tena mbele ya serikali kuu. Kitakuwa bangi, hata kama leseni ya jimbo bado inaning'inia ukutani na kodi ya jimbo inalipwa kila mwezi.

Kwa mhamiaji, bangi ni neno zito kuliko lilivyo kwa jirani yake raia. Aprili 19, 2019 idara ya uraia na uhamiaji ilitoa mwongozo kwa maofisa wake: mtu anayeomba uraia akiwa amejihusisha na shughuli za bangi, ikiwemo ajira katika biashara hiyo, anaweza kuonekana hana mwenendo mwema hata kama jimbo lake linairuhusu. Fomu ya kuomba uraia, N-400, inauliza wazi kama umewahi kusambaza au kuuza dawa zinazodhibitiwa, na jibu linatolewa kwa kiapo. Kwa kawaida ofisa hutazama miaka mitano iliyotangulia maombi. Atakayeuza pipi hizi hadi Krismasi ya 2026 atakuwa bado anazijibia mwaka 2031. Na ushahidi hautatafutwa mbali. Leseni ina jina lake na sahihi yake. Marejesho ya kodi ya asilimia 15, ambayo mimi mwenyewe ndiye ninayeyaandaa, yanaonyesha kwa dola na senti aliuza kiasi gani na mwezi gani.

Hapo wengi huniuliza kama basi ni heri kuuza bila leseni, bila karatasi. Jibu langu ni hapana, na nalitoa kwa ukali. Kuuza bila leseni ni kosa la jimbo leo, lina faini yake leo, na kulificha kwenye fomu ya serikali kuu ni kosa kubwa kuliko la kwanza. Njia ni mbili tu: uza kwa leseni ndani ya sheria za pande zote mbili, au acha kuuza.

Msiwasahau vijana wa kaunta. Wengi wa tuliowaajiri ni wapwa zetu, binamu zetu, watoto wa rafiki zetu waliofika juzi na wanasubiri tarehe ya mahakama ya uhamiaji. Wao hawapati faida ya bidhaa hizi, wanalipwa kwa saa. Lakini ndio wanaopokea pesa, wanaokagua kitambulisho, wanaoonekana kwenye kamera wakitoa pakiti. Mwenye duka akiamua kubeba hatari yake mwenyewe, hilo ni lake. Kumbebesha mpwa wake bila kumwambia sikubaliani nalo hata kidogo.

Kuna na upande wa kodi ya mapato, ambao huwa nausema mwisho kwa kuwa watu wakishasikia habari za uhamiaji hawasikii kingine. Kifungu cha 280E cha sheria ya kodi ya Marekani kinamkatalia mfanyabiashara wa dawa zilizo katika daraja la kwanza na la pili la orodha ya serikali kuu ya dawa zinazodhibitiwa kutoa gharama zake za kawaida kabla ya kodi. Gharama ya kununulia mzigo anaweza kuitoa. Pango, mishahara, umeme na bima hawezi. Duka ambalo faida yake ni senti chache kwa kila dola linaweza kujikuta linalipia kodi pesa ambayo halikuipata. Maadamu bangi imo katika madaraja hayo, kifungu hicho kinamhusu kila anayeuza kitu kinachohesabiwa kuwa bangi, raia kwa mhamiaji.

Kwa hiyo nina maombi, Mhariri. Kwa ofisi za majimbo zinazotoa leseni hizi: fomu nilizojaza mimi zimeeleza kwa kirefu kabati liwe wapi na lebo iandikweje, lakini sikuona mahali panapomwambia mwombaji asiye raia kwamba leseni hii haimlindi mbele ya sheria ya uhamiaji. Aya moja ingetosha, na iandikwe kwa Kiswahili, Kisomali, Kihispania na lugha nyingine za watu wanaochukua leseni hizo. Jimbo linalopokea dola 250 kutoka kwa mama wa Kikongomani lina wajibu wa kumweleza anachonunua.

Kwa wabunge wa majimbo: mwekeeni msambazaji naye wajibu. Cheti kisipolingana na bechi, mzigo urudi kwake na fedha irudi kwa mwenye duka. Ilivyo sasa mwenye duka ndiye mtu wa mwisho kwenye mnyororo na ndiye anayekamatwa wa kwanza.

Na kwa gazeti lako, ambalo mara nyingi huandika kwa fahari habari za wenzetu waliofanikiwa huku: waandishi wako wakimhoji mwenye duka wa Houston au Louisville, wamuulize pia anauza nini nyuma ya kaunta na kwa karatasi gani. Ndugu zetu nyumbani wanaotuma mtaji wana haki ya kujua. Na wajue hivi pia: pipi hizi zisitiwe kwenye begi la zawadi linalokwenda Dar es Salaam au Nairobi. Zikikutwa uwanja wa ndege, leseni ya Minnesota haitamsaidia aliyezibeba.

Wenye maduka, msiagize mzigo mkubwa wa kuvuka Novemba kwa sababu msambazaji amekupeni punguzo. Anajua tarehe hiyo vizuri kuliko ninyi, na ndiyo maana anapunguza bei. Kabla ya kuhuisha leseni, mpelekee wakili wa uhamiaji leseni ya sasa na orodha ya bidhaa zenye miligramu zake, siyo majina ya bidhaa tu. Atakachotaka kuona ni miligramu kwa chombo. Jumuiya zetu za Watanzania, Wakenya na Wakongomani zina desturi nzuri ya kuchangishana kumlipa wakili mtu akishakamatwa. Naziomba safari hii zichangishane kumwalika wakili huyo mapema, Jumamosi moja kabla ya Septemba, akae na wenye maduka na vijana wao wa kaunta, ajibu maswali hadi yaishe. Ukumbi tunao, na mimi niko tayari kuja na mafaili.

Ahsante.

Mama Neema,
Brooklyn Park, Minnesota